Kuutembelea Izmir: kutoka kilima cha Kadifekale hadi feri za Konak

Wageni wengi wanaotua Izmir hawaji kuuona Izmir. Wanaifuata Efeso, wanapanda basi la watalii asubuhi, jioni wanarudi hotelini wakiwa hoi, na kesho yake wameondoka. Wanaacha nyuma mji ambao Biblia inauita Smirna, bandari iliyofanya biashara tangu enzi za Wagiriki wa kale na ambayo leo ni mji wa tatu kwa ukubwa nchini Uturuki. Mwongozo huu umepangwa kwa siku mbili za mjini na moja ya Efeso. Kanuni yake kuu ni moja: anzia juu kilimani, teremka kwa miguu, umalizie majini. Mji wenyewe ulikua hivyo, na magoti yako yatashukuru.

Kwanza, namna ya kusoma majina. Herufi ç husomwa "ch", ş husomwa "sh", na c husomwa "j". Kwa hiyo Çankaya ni "Chankaya" na Selçuk ni "Selchuk". Hilo likikaa kichwani, utamwelewa hata mtangazaji wa kwenye treni.

Kabla ya kusafiri

Viza inategemea pasipoti yako na wakati mwingine viza nyingine ulizo nazo, kwa hiyo usichukue maelezo ya mtu aliyekwenda miaka mitatu iliyopita. Angalia kwenye tovuti ya serikali ya Uturuki, evisa.gov.tr. Ziko tovuti nyingi zinazofanana nayo kwa sura na rangi ambazo hukuongezea ada ya bure, basi ichape anwani hiyo mwenyewe badala ya kubofya tangazo la kwanza linalojitokeza.

Lipia malazi kabla ya kuondoka nyumbani. Tovuti ya Booking.com imezuiwa na mahakama za Uturuki tangu 2017 kuuza hoteli za ndani kwa mtu aliyeko Uturuki. Ukishatua, vyumba vya Izmir havionekani tena, na wengi huligundua hilo usiku wakiwa na begi mkononi.

Pesa: beba dola au euro. Shilingi, ya Tanzania, Kenya au Uganda, usitegemee kuibadilisha huko. Uwanja wa ndege badilisha kiasi kidogo tu cha kufikia mjini, kwani viwango vya pale ni vibaya. Maduka ya fedha yenye kibao cha "Döviz" katikati ya mji hutoa vizuri zaidi. Ukitumia ATM na mashine ikakuuliza kama ihesabu kwa fedha ya kwenu au kwa lira, chagua lira. Ukichagua fedha ya kwenu, benki yenye mashine hujipangia kiwango inachotaka. Bei za lira hupanda mara kwa mara, ndiyo maana nauli hazikutajwa hapa. Hata zilizobandikwa ukutani wakati mwingine zimepitwa.

Simu yako uliyotoka nayo nyumbani itafanya kazi na laini ya Kituruki, ila ikipita siku 120 bila kusajiliwa na kulipiwa kodi hufungiwa mtandao. Kwa mtalii wa wiki moja si tatizo. Mwanafunzi anayekwenda kukaa alijue mapema.

Majira: Aprili hadi Juni mwanzoni, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35, na nafuu huja alasiri tu pale upepo wa bahari uitwao imbat unapoanza kuvuma. Desemba hadi Februari kuna mvua na upepo wa kusini, lodos, ambao ukichafuka husimamisha feri.

Kutoka uwanja wa ndege hadi mjini

Ukitokea Afrika Mashariki kwa kawaida utabadilisha ndege Istanbul, kisha uruke saa moja hivi hadi uwanja wa Adnan Menderes, kusini mwa Izmir. Stesheni ya treni ya mjini, İZBAN, imeungana na uwanja. Fuata vibao vyenye alama ya treni.

1. Kwenye mashine au kibanda cha stesheni, nunua kadi iitwayo İzmirim Kart na uiongeze salio. Kadi hii moja hutumika kwenye treni, metro, tramu, basi na feri. Beba noti ndogondogo, maana si kila mashine inarudisha chenji.
2. Kila mtu awe na kadi yake. Punguzo la kubadilisha usafiri na marejesho ya nauli ya treni hufuata kadi, hivyo mkigusa watu wawili kwa kadi moja mmoja wenu atalipa zaidi.
3. Panda treni inayokwenda Aliağa au Menemen, yaani ya kuelekea kaskazini. Inayokwenda Cumaovası au Tepeköy inakupeleka mbali na mji.
4. Kama hoteli yako iko Alsancak, kaa humo humo hadi stesheni ya Alsancak. Kama iko Konak, Çankaya au Basmane, shuka Hilal, fuata vibao vya Metro, upande treni ya kuelekea Fahrettin Altay na Narlıdere. Kituo cha kwanza baada ya Hilal ni Basmane, cha pili Çankaya, cha tatu Konak.

Sasa jambo ambalo huwagharimu wageni bila wao kujua. İZBAN hutoza kwa umbali. Unapoingia, mashine hukata nauli ya safari ndefu kabisa unayoweza kuifanya kutoka kituo hicho, na kama salio halifiki mlango haufunguki. Kioo huandika "Yetersiz bakiye", salio halitoshi. Ukifika unakokwenda, kwenye njia ya kutokea kuna mashine ndogo iliyoandikwa "İade". Gusa kadi hapo nayo itakurudishia kile ambacho hukukitumia. Milango ya kutokea iko wazi, hakuna atakayekuzuia, ndiyo maana watu hupita tu na pesa zao zikabaki kwenye mfumo. Safari fupi za mjini tofauti ni kubwa kuliko za mbali, kwa sababu kilomita 25 za kwanza zina nauli moja na kinachozidi hapo ndicho huhesabiwa kwa kilomita.

Ukitua usiku wa manane treni zimelala. Tumia basi la kampuni ya Havaş au basi la manispaa namba 202 linalokwenda uwanja wa Cumhuriyet, karibu na bahari.

Mahali pa kulala

Alsancak ni tambarare, ina mikahawa, inachangamka hadi usiku, na iko karibu na treni na feri. Bei yake ni ya juu. Konak na pembezoni mwa soko la Kemeraltı ni pazuri kwa anayetaka kuamka akiwa kwenye mji wa kale, ila saa mbili usiku maduka yakishafungwa vichochoro hubaki vitupu.

Basmane ndiyo yenye hoteli za bei nafuu. Ni mtaa wa wahamiaji, Wasyria wengi na Waafrika pia, na utakuta saluni za kusuka nywele na watu wa kukuelekeza. Polisi hukagua vitambulisho huko mara kwa mara, na mgeni mweusi atasimamishwa zaidi ya mwenzake Mzungu. Tembea na pasipoti yenyewe au angalau nakala safi ya ukurasa wa picha na wa muhuri wa kuingia, jibu kwa utulivu, dakika mbili yamekwisha.

Siku ya kwanza: kilima, Agora, soko

Saa tatu asubuhi chukua teksi hadi Kadifekale. Teksi zote rasmi ni za njano na zina mita, nayo iwashwe mbele ya macho yako. Kuna kiwango cha chini cha nauli hata kama safari ni fupi, hivyo usishangae mita ikisoma kidogo ukatakiwa kutoa zaidi. Kiwango hicho hubandikwa ndani ya gari. Ukitoa noti kubwa, itaje kwa sauti unapoikabidhi. Ule mchezo wa "umenipa ya 20, si ya 200" unajulikana hadi huko. Mabasi ya manispaa nayo hupanda hadi juu, yakikwenda polepole kwenye kona.

Kadifekale ni ngome iliyo juu ya kilima ambacho Wagiriki walikiita Pagos, kama mita 186 juu ya bahari. Kuingia ni bure. Kuta zilizobaki ni za vipindi mbalimbali, Warumi kwa Wabizanti kwa Waosmani, zimerundikana moja juu ya nyingine. Usitegemee makumbusho. Kilichokuleta ni mandhari: ghuba yote iko chini yako, imejikunja, na feri zinakatiza kama zimechorwa. Simama hapo utafute mnara wa saa wa Konak na bandari ya Alsancak, kisha tazama tofauti ya mitaa. Upande wa soko paa ni ndogondogo na njia zimepinda. Upande wa Alsancak barabara ni pana na zimenyooka, kwa sababu mitaa ya Wagiriki na Waarmenia iliyokuwa huko iliteketea katika moto mkubwa wa Septemba 1922 na mji ukapangwa upya. Bustani kubwa ya Kültürpark, iliyofunguliwa 1936, imekaa juu ya sehemu ya eneo lililoungua.

Mteremko huu una habari inayotuhusu. Waafrika waliochukuliwa utumwani katika dola ya Osmani, wengi kutoka Sudan na Uhabeshi na wengine kutoka pwani ya Afrika Mashariki, waliishi Izmir na vijiji vyake, na vizazi vyao bado vipo, hasa upande wa Torbalı, Tire na Bayındır. Wanaitwa Afro-Türk. Sikukuu yao ya zamani, Dana Bayramı, yaani sikukuu ya ndama, ilikuwa imekufa ikafufuliwa baada ya Mustafa Olpak kuanzisha chama chao Ayvalık mwaka 2006. Mababu wa Olpak walitokea Kenya wakapelekwa kisiwa cha Krete. Sikukuu huangukia majira ya kuchipua, mara nyingi Mei. Ukiwa Izmir mwezi huo ulizia tarehe.

Kushuka kutoka ngomeni hadi Agora, uwanja wa soko wa mji wa kale, ni kilomita moja hivi, dakika 20 hadi 30. Njia ni ngazi na barabara za mteremko mkali zenye mawe yaliyolainika, hivyo vaa viatu vyenye soli ya kushika. Mtaa ni wa watu wa hali ya chini: salimia, usipige picha za watu bila ruhusa, na ushuke mchana. Katikati ya mteremko utapita eneo linalochimbwa la ukumbi wa michezo wa kale.

Agora ya Smirna ina kiingilio. Wengi huzunguka juu kwenye nguzo, wakapiga picha, wakatoka, nao wamekosa kilicho bora. Tafuta ngazi za kushukia chini ya ardhi. Huko kuna safu za matao ya mawe, moja nyuma ya nyingine, baridi hata Agosti, na kuna mfereji ambao maji bado yanapita. Uwanja huu ulijengwa upya baada ya tetemeko la mwaka 178, kwa msaada wa kaisari Marcus Aurelius. Kwenye kuta za chini ya basilika, jumba la Kirumi la shughuli za umma, watafiti walikuta michoro na maandishi ya watu wa kawaida, meli na wapiganaji na mafumbo ya maneno, vitu ambavyo mtu huchora akiwa anamsubiri mtu. Juu, pembeni, yamepangwa mawe ya makaburi ya Kiosmani yenye vilemba vya kuchongwa, kwa kuwa kabla ya uchimbaji hapa palikuwa makaburini.

Toka Agora uelekee baharini, utaingia Kemeraltı.

Kemeraltı bila kupotea sana

Kupotea kidogo ni lazima. Barabara kuu ya soko, Anafartalar, imepinda kama mundu kwa sababu inafuata ukingo wa bandari ya zamani ya ndani iliyofukiwa. Ukijua hilo unajua jinsi ya kujipanga: ukiwa ndani ya mkunjo, upande wa bahari, unatembea juu ya kilichokuwa maji; ukiwa nje yake, ardhi inaanza kupanda.

Usije Jumapili, maduka mengi hufungwa. Siku nyingine njoo kabla ya saa kumi jioni ili uone kila kitu kikiwa wazi.

Anza na Kızlarağası Hanı, jengo la wafanyabiashara la 1744 lenye ua katikati. Jina lake ni cheo: kızlar ağası alikuwa mkuu wa matowashi weusi wa jumba la sultani. Aliyelijenga, Hacı Beşir Ağa, alizaliwa Uhabeshi, akauzwa utumwani, akaishia kuwa mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote Istanbul. Waongozaji wengi wa watalii huliruka hilo.

Kwenye vijia vya hapo, kando ya msikiti wa Hisar, agiza kahawa inayopikiwa ndani ya kikombe, fincanda kahve. Mpishi hatumii cezve, ile birika ndogo ya mpini. Huweka unga wa kahawa, sukari na maji moja kwa moja kwenye kikombe kinene, akakikalisha juu ya moto. Tazama ukingo: povu huinuka polepole, likigusa mdomo wa kikombe anakiondoa. Sema kiwango cha sukari wakati wa kuagiza, kwa sababu baadaye haikorogwi tena: "sade" bila sukari, "orta" ya wastani, "şekerli" tamu. Subiri dakika mbili masimbi yatue, na robo ya chini uiache.

Msikiti wa Hisar ni wa karne ya 16 na ni mkubwa kuliko yote ya sokoni. Vua viatu, wanawake wajifunike kichwa, na mtalii asiingie saa ya swala. Anayeswali hana haja ya kuuliza. Mahali pa kutawadhia pako nje. Kisha tafuta Havra Sokağı, mtaa wa masinagogi, ambako Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 na vizazi vyao walijenga nyumba zao za ibada. Leo ni soko la samaki, zeituni na mboga, na kelele zake ni zile zile za soko lolote la samaki duniani.

Hapa ndipo pa kula. Boyoz ni mkate wa tabaka za mafuta ulioletwa na Wayahudi hao. Huliwa asubuhi na yai la kuchemsha na chai, na ukipoa ni mzito tumboni, kwa hiyo nunua unaotoka tanurini. Mkate wa duara wenye ufuta, ambao kwingine Uturuki huitwa simit, hapa uuite gevrek. Kokoreç ni utumbo wa kondoo uliochomwa kwenye ufito wa chuma, ukakatwakatwa na kutiwa mkateni. Anayependa utumbo ataufurahia. Kome waliojazwa wali, midye dolma, huuzwa kwa sinia barabarani: kula tu kwa muuzaji mwenye foleni na sinia lililo kivulini, maana wakipigwa na jua ndio wanaoharibu safari.

Halafu kuna lokma. Ukiona gari dogo jeupe limeegeshwa, sufuria ya mafuta inachemka na watu wamepanga foleni, jiunge nayo. Hizo ni kaimati, na ni bure. Familia huzikaanga kwa ajili ya marehemu wao, mara nyingi siku ya saba au ya arobaini, na kumgawia yeyote apitaye. Usitoe pesa. Pokea kikombe chako na useme "Allah kabul etsin". Mkaangaji atakujibu kwa kuinamisha kichwa tu, kwa sababu nyuma yako kuna watu thelathini.

Jioni: Konak na feri

Vichochoro vya Kemeraltı vinatokea uwanja wa Konak. Mnara wa saa una mita 25, ulijengwa 1901 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Abdülhamid II. Kando yake kuna msikiti mdogo wa pembe nane, Yalı, wenye vigae vya Kütahya. Dakika kumi zinatosha.

Sasa safari bora ya bei ndogo mjini:

1. Saa moja na nusu kabla ya jua kuzama, nenda gati la Konak, gusa İzmirim Kart, panda feri ya Karşıyaka. Ni kama dakika 20. Kaa juu, nje, upande wa kushoto unapoelekea mbele, upate magharibi. Chai inauzwa ndani.
2. Ukishuka Karşıyaka, panda tramu mbele ya gati hadi Bostanlı İskele.
3. Tembea ufukweni hadi ngazi za mbao zinazoitwa Günbatımı Terası, jukwaa la kutazamia machweo. Watu huketi na mbegu za alizeti, ambazo Izmir huziita çiğdem. Jua linazama moja kwa moja mbele yako.
4. Rudi kwa feri kutoka gati la Bostanlı.

Kinachoharibika hapa ni ratiba. Feri za jioni hupungua, na za Jumapili ni chache zaidi, basi piga picha ratiba ya kurudi iliyobandikwa gatini kabla ya kuondoka. Ukiikosa ya mwisho, kuna İZBAN kutoka Karşıyaka hadi Alsancak au Hilal. Na kama lodos inavuma tangu mchana, usijaribu kabisa. Wanaweza kukufikisha ng'ambo kisha wakasimamisha safari.

Siku ya pili, nusu tu

Panda tramu ya Konak hadi Karataş, au tembea kilomita moja na ushee kando ya bahari, ufike Asansör. Ni mnara wa lifti uliojengwa 1907 na tajiri Myahudi, Nesim Levi, kuwaunganisha wakazi wa chini na wa juu ambao kabla ya hapo walipanda ngazi 155. Lifti ni bure. Foleni ya jioni ni ndefu, asubuhi hakuna mtu. Kijia cha chini kina jina la mwimbaji Dario Moreno aliyeishi hapo.

Baada ya hapo rudi na utembee Kordon, ukanda wa bahari kutoka Pasaport hadi Alsancak: majani, baiskeli, mikahawa. Mikahawa ya mstari wa mbele hutoza mandhari. Mtaa wa pili nyuma yake chakula ni kile kile kwa bei ndogo. Pombe huuzwa wazi eneo hili, kwa hiyo anayetaka sehemu isiyo na pombe atafute lokanta, mgahawa wa vyakula vilivyopikwa tayari, ambapo unaonyesha kwa kidole. Mwenye hamu ya historia aongeze Makumbusho ya Akiolojia ya Bahribaba, juu kidogo ya Konak.

Efeso kwa siku moja, bila basi la watalii

Mji wa kufikia ni Selçuk, kama kilomita 80 kusini. Kuna njia tatu. Treni ya mkoa ya shirika la reli, TCDD, hutoka stesheni ya Basmane, huchukua saa moja na nusu hivi, na hupita uwanja wa ndege. Ziko chache kwa siku, hivyo nunua tiketi siku moja kabla. İZBAN nayo hufika, ila lazima ubadilishe Tepeköy, na si kila treni ya kusini inafika Tepeköy: soma kibao cha mbele, inayosema Cumaovası itakuacha njiani. Treni za Tepeköy kwenda Selçuk ni adimu, ukiikosa unakaa benchini. Ya tatu ni vibasi vya kutoka kituo kikuu cha mabasi, Otogar. Treni ya Basmane ndiyo yenye raha kuliko zote.

Magofu yana milango miwili, wa juu na wa chini, na ardhi inateremka kati yao. Kutoka Selçuk chukua teksi hadi mlango wa juu, Üst Kapı, utembee ukiteremka, utokee mlango wa chini. Wanaoanzia chini hupanda jua likiwa kichwani, kisha wanarudi njia ile ile. Kuwa mlangoni saa mbili asubuhi. Kuanzia saa nne mabasi ya meli za watalii zinazotia nanga bandari ya Kuşadası humwaga watu kwa mamia. Beba lita moja na nusu ya maji kila mtu, na kofia. Kivuli hakuna. Malizeni haja mlangoni, ndani hakuna choo. Marumaru ya barabara ya Curetes imesuguliwa na nyayo hadi inateleza hata ikiwa kavu.

Tiketi ya mgeni hupangwa kwa euro. Mwaka 2024 ilikuwa 40. Nyumba za Mteremko zina tiketi ya ziada, na kama una nia ya kweli na mambo ya kale, lipa: michoro ya ukutani na sakafu za mozeki za matajiri wa Kirumi ziko humo, chini ya paa. Maktaba ya Celsus, ile inayoonekana kwenye kila kadi ya posta, ni ya karne ya 2, na uso wake ulisimamishwa tena miaka ya 1970 kutokana na vipande vilivyoanguka. Ukumbi mkubwa wa michezo uliingiza watu wapatao 25,000. Ndimo Matendo ya Mitume sura ya 19 inamosimulia umati ukipiga kelele kwa muda wa saa mbili kumtetea mungu wao wa kike Artemi, baada ya Demetrio mfua fedha kuwachochea. Bandari iliyokuwa mwisho wa barabara inayoanzia mbele ya ukumbi huo haipo: mto Küçük Menderes uliijaza tope, na bahari sasa iko kilomita kadhaa magharibi.

Mlangoni mtu akikupa lifti ya bure, mwisho wake ni duka la mazulia. Panda dolmuş, daladala za Kituruki: unampa dereva pesa taslimu, ukiwa nyuma unaipitisha kwa abiria nayo chenji inarudi mkono kwa mkono, na kushuka unasema "inecek var". Au tembea kilomita tatu hadi Selçuk kwenye njia ya miti, ukipita hekalu la Artemi, ambalo limebaki nguzo moja iliyoungwaungwa kwenye bwawa. Mjini Selçuk usiuache msikiti wa İsa Bey wa 1375. Nyumba ya Bikira Maria iko mlimani, haina dolmuş. Panga na teksi kwenda, kusubiri na kurudi kwa bei moja kabla ya kuingia garini.

Wanaofuata makanisa saba ya Ufunuo wajue kwamba Pergamo ni Bergama, kaskazini, kwa İZBAN hadi Aliağa kisha basi. Thiatira ni Akhisar, Sardi ni Sart, Filadelfia ni Alaşehir, na Laodikia iko Denizli, mwisho wa reli ile ile ya Selçuk. Mji mmoja kwa siku, isipokuwa una gari.

Siku ya kuondoka

Ndege ya asubuhi sana, usitegemee treni ya kwanza. Weka teksi usiku. Nyingine, hesabu saa moja na nusu kutoka Konak hadi mezani kwa tiketi. Wafanyakazi wa İZBAN wamewahi kugoma, mwishoni mwa 2018 mgomo ulidumu wiki kadhaa, hivyo ulizia hotelini jioni ya mwisho kama treni zinatembea. Namba ya dharura kwa ambulansi, polisi na zimamoto ni 112. Na ukishuka kituo cha uwanja wa ndege, gusa ile mashine ya İade, kisha mpe kadi mgeni anayehangaika na mashine ya tiketi upande wa pili.